Mvinyo Una Mgema Wake

Jamani, nianze na kisa kidogo cha kazini.

Wiki iliyopita ukurasa wetu wa safari ulibaki na tobo. Tangazo lililoahidiwa halikufika, saa kumi na moja jioni inagonga, na mtambo wa kuchapa gazeti haumsubiri mtu. Mkubwa wangu wa dawati (jina nalihifadhi, bado naupenda mshahara) akanirushia makala aliyoiokota kwenye intaneti: njia kumi za kupendeza za kuendesha baiskeli Italia majira ya kuchipua, katikati ya mashamba ya mizabibu. "Igeuze Kiswahili, maneno mia nane, weka picha kubwa." Nikaigeuza. Mchagua jembe si mkulima.

Lakini nilipofika aya ya saba nikasimama. Nikarudi mwanzo, nikasoma tena. Ndani ya makala nzima kulikuwa na vilima, minara ya makanisa, jibini, mbwa aliyelala mlangoni, harufu ya maua, machweo mawili na glasi tisa za mvinyo. Nilizihesabu. Mtu anayefanya kazi shambani hakuwamo hata mmoja. Binadamu pekee aliyetajwa, ukimwacha mtalii mwenyewe, ni "mwenyeji mkarimu" anayemimina.

Nikajiuliza: mvinyo huu nani kaugema?

Sisi tulioifundishwa lugha hii na bibi zetu tunaijua methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunaitumia kumkanya anayevimba kichwa kwa sifa. Lakini hebu iangalie kwa jicho jingine. Ndani ya methali ile tembo haliji peke yake. Lina mtu aliyepanda mnazi, na mtu huyo husifiwa, hulaumiwa, hujulikana. Huku pwani huwezi kusema tembo la leo tamu bila mtu kukuuliza, la nani? Makala za baiskeli na mvinyo za Italia zimefaulu jambo ambalo wazee wetu hawakulifikiria: kinywaji kisicho na mgema.

Basi hoja yangu ya leo ni hii, naiweka mezani mapema ili asiyetaka ugomvi afunge ukurasa. Uzuri anaouziwa mwendesha baiskeli katika nchi ya mvinyo ya Italia haukudondoka kutoka mbinguni. Ni kazi ya mikono, ya zamani na ya leo. Anayeuza uzuri huo huku akiifuta mikono iliyoufanya anauza nusu ya ukweli, na sisi waandishi tunaomtafsiria tunamsaidia kufuta.

Nisieleweke vibaya. Sina ubishi na uzuri wenyewe. Chukua Chianti, ile nchi ya vilima kati ya Florence na Siena, ambayo mtawala Cosimo III wa Toscana aliichorea mipaka ya mvinyo wake tangu mwaka 1716. Unatoka Gaiole, unapanda kwenda Radda, unateremka, unapanda tena kwenda Castellina, na njia nyingine huko si lami bali ni kokoto nyeupe zinazolia chini ya tairi. Kusini zaidi kuna bonde la Val d'Orcia, na Montalcino juu ya kilima chake. Kaskazini magharibi kuna Langhe, ambako kijiji cha La Morra kimekaa juu ya kilele kama ndege, na chini yake mistari ya mizabibu imechorwa kama kwa rula. Kaskazini mashariki kuna miteremko ya Conegliano na Valdobbiadene, kunakotoka Prosecco. Mwezi Mei mipopi myekundu huchanua kandokando ya barabara, jua halijawa kali, na masika ya kwao yameshaliosha vumbi la majani. Ukiniambia ni kuzuri nitakujibu ni kuzuri sana. Ugomvi wangu ni na maelezo yaliyobandikwa juu yake.

Tuanze na picha. Makala niliyopewa ilisema "majira ya kuchipua", yaani Machi hadi Juni. Picha iliyokuja nayo ilionyesha vishada vya zabibu nyeusi vimeiva, vimenona, karibu vipasuke. Sasa wewe mtu wa Dodoma nisaidie. Dodoma mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, lakini Italia huzaa mara moja tu, na zabibu za mvinyo huiva kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Mwezi Aprili mzabibu wa Barolo ni kijiti kikavu kilichofungwa kwenye waya, na juu yake kuna vichipukizi visivyozidi urefu wa kidole. Kwa hiyo aliyeuza safari ya Aprili kwa picha ya Septemba ameanza na uongo kabla hata hujapanda baiskeli.

Uongo huo mdogo unaficha mkubwa. Kijiti kile hakikujifunga chenyewe kwenye waya. Wakati wa baridi, kuanzia Desemba hadi Machi, kila mzabibu hupogolewa kwa mkono. Mtu anasimama mbele yake, anautazama, anaamua tawi lipi libaki na lipi lianguke, anakata. Kisha anahamia wa pili. Katika hekta moja hiyo ni maelfu ya mara, mgongo umepinda, vidole vimekufa ganzi. Machi matawi yaliyobaki huinamishwa na kufungwa, moja moja. Utomvu ukianza kupanda, jeraha la mkasi hudondosha maji, na Waitalia wenyewe husema mzabibu unalia. Aprili ni mwezi wa hofu, maana usiku mmoja wa jalidi unaweza kuua machipukizi yote. Mei na Juni ni kung'oa chipukizi zisizotakiwa, kupitisha matawi kati ya waya, kupunguza majani, na kazi hizi nazo huihitaji mikono.

Kwa maneno mengine, majira yale yale ambayo mtalii anaambiwa mashamba "yamelala kwa utulivu" ndiyo ambayo mashamba yamejaa watu. Kwenye miteremko ya Valdobbiadene, ambako trekta haliwezi kusimama bila kupinduka, hekta moja huhesabiwa kudai hadi saa 600 za kazi kwa mwaka, ilhali tambarare hudai kama 150. Ili upite hapo kwa baiskeli mwezi Mei na usimwone mfanyakazi, inabidi ujitahidi. Au inabidi aliyekuandikia safari yako awe amekuzoeza kutazama juu ya vichwa vyao.

Sasa tuje kwenye neno linalonikera kuliko yote: "maumbile". Eti Toscana ni mandhari ya asili. Val d'Orcia iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004, na iliingizwa kama urithi wa utamaduni. UNESCO wenyewe wameelewa, wauza safari hawajaelewa. Mwandishi Iris Origo na mumewe Antonio waliponunua shamba la La Foce kwenye bonde hilo mwaka 1924, walikuta udongo wa mfinyanzi uliomomonyoka, mkavu na maskini. Miaka mingi ilipita ya kujaza makorongo, kupitisha barabara, kupanda miti. Ile barabara ya kona kona yenye miti ya saipresi, ambayo umeiona kwenye kalenda ya benki hata kama hujui iko wapi, ni matokeo ya kazi hiyo. Ni ya karne ya 20. Ina umri wa babu yako. Na walioshika sepetu hawakuwa wale wenye jina kwenye hati ya shamba.

Waliokuwa wakilima Toscana kwa karne nyingi walikuwa wakulima wa nusu kwa nusu. Mfumo wenyewe uliitwa mezzadria. Familia inakaa kwenye nyumba ya kabaila, inalima ardhi ya kabaila, na wakati wa mavuno nusu inakwenda kwa kabaila. Zile nyumba za mawe zilizosimama pekee juu ya kila kilima, ambazo leo mtalii analala na kufunguliwa bwawa la kuogelea, zilijengwa ili mkulima akae karibu na ardhi ya mtu mwingine. Zile barabara nyeupe unazozisifia zilikuwa za mikokoteni yake. Sheria ya Septemba 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo, na sheria ya mwaka 1982 ikaweka utaratibu wa kuigeuza iliyobaki kuwa ukodishaji wa kawaida. Tembea hesabu: kuna watu walio hai leo ambao walizaliwa wakiwa watoto wa nusu kwa nusu.

Wengi hawakuisubiri sheria. Kuanzia miaka ya 1950 waliondoka kwenda viwandani, nyumba zikabaki tupu, paa zikaanguka. Ndipo wakaja wenye fedha, wengi wao Waingereza na Wajerumani, wakazinunua. Waingereza walipozidi wakapabandika jina la utani, Chiantishire, kana kwamba ni wilaya yao. Barabara zilibaki kokoto kwa sababu hapakuwa na haraka ya kuweka lami mahali ambapo watu wamehama. Kwa hiyo ule weupe unaopigwa picha ni kumbukumbu ya watu walioshindwa kuishi pale.

Mwaka 1997 Giancarlo Brocci alianzisha pale Gaiole mbio za kirafiki za baiskeli za zamani kwenye barabara hizo, kwa lengo la kuziokoa zisimezwe na lami. Walijitokeza waendeshaji 92. Leo L'Eroica ni maarufu duniani, njia yake ndefu ni kilomita 209, na mwaka 2007 ikazaa mbio za wataalamu, Strade Bianche, zinazomalizikia kwenye uwanja mkuu wa Siena. Nampa Brocci heshima yake, barabara zimepona kweli. Lakini jina lenyewe, L'Eroica, maana yake ni ya kishujaa. Kilomita 209 kwa siku moja, ukisubiriwa na supu na mvinyo njiani, huo ni ushujaa. Familia iliyoipita barabara hiyo hiyo kwa mkokoteni kila siku, miaka arobaini, ikipeleka nusu ya jasho lake kwa mwenye nyumba, hiyo tuiite nini?

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, tuje kwenye ya leo.

Kuna mji unaitwa Canelli, huko Piemonte, mji wa mvinyo wa povu wa Asti. Chini ya mji kuna maghala ya mvinyo yaliyochimbwa ardhini, marefu, yenye matao, makubwa kiasi kwamba wenyeji huyaita makanisa makuu ya chini ya ardhi. Ni mazuri mno. Mwaka 2014 yaliingia kwenye orodha ya UNESCO pamoja na vilima vya Langhe, Roero na Monferrato. Njia nyingi za baiskeli za eneo lile husimamisha watalii hapo waonje. Katika mji huo huo, katika miaka ya karibuni, imeripotiwa mara kwa mara kwamba msimu wa mavuno ukifika vibarua waliokuja kuchuma zabibu hulala nje, kwenye bustani na viambazani, kwa kukosa mahali. Kwa hiyo chupa inalala ndani ya kanisa na mchumaji analala kwenye majani. Nisingethubutu kubuni kitu kama hicho, mngesema natia chumvi.

Ni akina nani? Kuanzia miaka ya 1990 wamekuja Wamakedonia, wengine wakahamia moja kwa moja na familia zao. Wamekuja Waromania na Wabulgaria. Wamekuja vijana wa Afrika Magharibi waliovuka jangwa na bahari. Wengi hawaajiriwi na mwenye shamba. Kati yao na yeye anakaa mtu ambaye Waitalia humwita caporale na sisi tuna jina lake tayari: mnyapara. Mnyapara ndiye anayejua wapi kuna kazi, ndiye mwenye gari, ndiye anayekata chake kwenye ujira kabla haujafika mkononi. Siku hizi mara nyingi anavaa suti ya ushirika au kampuni ya kukodisha nguvukazi. Mwenye shamba analipa ankara na kunawa mikono: mimi nililipa, waulizeni wao.

Na kibarua hawezi kupiga kelele kirahisi. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002, kibali cha kuishi Italia kwa mfanyakazi mgeni kimefungwa na mkataba wa kazi. Ukipoteza kazi unakaribia kupoteza nchi. Mnyapara analijua hilo kuliko wakili yeyote.

Julai 2024 polisi wa mkoa wa Cuneo, ambao ndani yake ndimo yalimo mashamba ya Barolo na Barbaresco, waliwakamata watu watatu kwa tuhuma za unyapara kwenye mashamba ya mizabibu ya Langhe, zikiwamo tuhuma za kupiga vibarua. Soma tena jina la mahali. Nazungumzia vilima vile vile vya kwenye brosha, chupa zile zile ambazo bei ya moja inaweza kuuzidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa huku kwetu.

Wala msidhani ni shida ya wageni peke yao. Tarehe 13 Julai 2015, Paola Clemente, Mwitaliano, mama wa miaka 49, alifariki akiwa kazini kwenye mizabibu ya zabibu za mezani karibu na Andria, mkoa wa Puglia, kusini. Alikuwa akiondoka nyumbani usiku wa manane kwa basi ili afike shambani asubuhi, na malipo yake yaliripotiwa kuwa euro 27 hivi kwa siku. Kifo chake kilitikisa nchi. Mwaka uliofuata Bunge la Italia lilipitisha sheria namba 199 ya mwaka 2016, inayomwadhibu mnyapara pamoja na mwajiri anayemtumia: kifungo cha mwaka mmoja hadi sita, na faini kwa kila mfanyakazi. Sheria nzuri. Lakini Langhe ya 2024 imekuja miaka minane baada yake.

Na sasa nifike kwenye baiskeli yenyewe, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Katika mashamba ya Italia kuna baiskeli mbili. Ya kwanza mnaijua: fremu ya kaboni au ile ya chuma ya kizamani iliyong'arishwa, kofia ngumu, miwani, gari la kubeba mizigo linafuata nyuma. Ya pili ni kuukuu, ya mkono wa tatu au wa nne, breki moja, taa hakuna. Mwenyewe anaiendesha saa kumi alfajiri kwenda shambani na saa mbili usiku kurudi. Nenda tambarare za Foggia, nenda Latina kusini ya Roma ambako Wapunjabi wanafanya kazi mashambani, utawakuta kandokando ya barabara kuu, gizani, malori yakiwapuliza. Wengine hugongwa. Vyama vya wafanyakazi na makanisa vimekuwa vikizunguka kuwagawia taa na fulana zinazong'aa. Fulana ile ile! Mmoja anaivaa ili apendeze kwenye picha ya kikundi, mwingine ili dereva wa lori ajue kuna mtu.

Huko Latina ndiko alikokuwa Satnam Singh, Mhindi wa miaka 31, kibarua asiye na karatasi. Juni 2024 mashine ilimkata mkono akiwa shambani. Badala ya kupelekwa hospitali alitelekezwa nje ya nyumba yake, na mkono wake ukaachwa ndani ya kreti ya matunda. Alifariki tarehe 19 mwezi huo. Lile halikuwa shamba la mvinyo, nalisema wazi nisije kushtakiwa kwa kuchanganya. Lakini mfumo ni mmoja, na kreti ni zile zile.

La kuchekesha, kama lina kuchekesha, ni kwamba Italia yenyewe inaijua baiskeli ya pili vizuri sana. Filamu maarufu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948 inamhusu mtu anayepata kazi ya kubandika mabango Roma, kazi isiyofanyika bila baiskeli, na baiskeli inaibwa. Nchi nzima ilielewa maana ya kuibiwa baiskeli: ni kuibiwa chakula. Bingwa wao mkubwa, Fausto Coppi, mwana wa kijiji cha wakulima cha Castellania, alianza kwa kusambaza nyama ya duka la bucha huko Novi Ligure kwa baiskeli. Kibarua kabla ya kuwa bingwa. Januari 1960 alikufa kwa malaria aliyoipata safarini Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso.

Na Waafrika juu ya baiskeli wanawajua pia. Tarehe 17 Mei 2022, majira hayo hayo ya kuchipua, Biniam Girmay wa Eritrea, nchi ambayo Waitalia waliitawala na kuiachia baiskeli, alishinda hatua ya Giro d'Italia iliyomalizikia Jesi, katikati ya mizabibu ya Verdicchio. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio kubwa za namna hiyo. Watu walimshangilia, na walistahili. Kisha jukwaani, akifungua chupa kubwa ya Prosecco, kizibo kikamruka jichoni, na kesho yake hakuweza kuendelea na mbio. Ilikuwa ajali tu, sitaki kuifanya mfano wa lolote. Nasema tu kwamba siku ile hakuna aliyemtazama juu ya kichwa. Ukishinda unaonekana. Ukipogoa, huonekani.

Sasa najua majibu yatakayokuja, maana nawajua wasomaji wangu.

Wa kwanza atasema: wivu huo, wewe hujawahi hata kufika. Kweli, sijafika. Nauli ya ndege tu itanila miezi. Lakini aliyeiandika ile makala amefika, na hakumwona mtu. Kufika si kuona.

Wa pili atasema: utalii unaleta fedha vijijini, ukianza kelele hizi watalii watakimbia na hao vibarua watakosa hata hicho kidogo. Hoja hii naiheshimu, ina ukweli ndani yake. Bila watalii vijiji vingi vya Chianti na Langhe vingebaki na wazee na paka. Na wapo wakulima wengi, familia ndogo zenye hekta tano au sita, wanaopogoa kwa mikono yao na kulipa vibarua wao kihalali. Lakini hao ndio wanaoumizwa zaidi na ukimya wetu! Anayelipa mshahara halali na anayelipa kupitia kwa mnyapara wanauza chupa kwenye meza moja, na mtalii hana njia ya kuwatofautisha kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuuliza.

Wa tatu atasema: mtu yuko likizo, mwacheni apumzike, asiulizwe habari za mikataba ya kazi. Huyu nitamjibu kwa historia. Machi 1986 mvinyo uliochanganywa methanoli uliua watu zaidi ya 20 nchini Italia. Baada ya hapo mnywaji alianza kuuliza: mvinyo huu umetoka wapi, nani kauchanganya, nani kaukagua? Hakuna aliyesema maswali hayo yanaharibu likizo. Leo chupa ya Barolo au ya Chianti Classico ina ukanda wa serikali shingoni, na ukanda una namba yake. Ukitaka unaweza kuifuatilia chupa. Kila chupa!

Huku kwetu enzi za mkonge tulikuwa na neno manamba, watu waliopelekwa mashambani na kuhesabiwa badala ya kuitwa. Pale Langhe mambo yamepita hata hapo. Chupa imepata namba, na aliyeikatia zabibu wakati mwingine hana namba wala jina kwenye karatasi yoyote. Kama mnaweza kuifuatilia chupa kutoka mezani hadi pipani, hamshindwi kuendelea hatua moja, kutoka pipani hadi kwenye mkono.

Sidai watu wasiende. Waende, wapande vilima, wachoke, wanywe. Nadai vitu vitatu vidogo. Anayeuza safari aseme shamba analowasimamisha wateja wake linaajiri vipi, ana kwa ana au kupitia kwa wakala. Mtalii, kabla ya glasi ya pili, aulize: nani kapogoa mizabibu hii? Mwenye shamba aliye safi atafurahi kuulizwa, atakuita majina yao. Asiye safi atabadilisha mazungumzo, na hapo utakuwa umejua. Na mwandishi, ndiyo, mimi na wenzangu, tuweke sentensi moja. Moja tu, katika maneno mia nane, kati ya machweo mawili na glasi tisa.

Kwa nini nahangaika na Italia wakati yetu yanatushinda? Kwa sababu lugha ile inakuja. Tazama vipeperushi vya mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro na vya ziara za viungo Zanzibar. Maneno ni yale yale: utulivu, asili, harufu, mwenyeji mkarimu. Tumeanza kujifunza kujifuta wenyewe kwenye picha.

Namalizia. Nilipotafsiri ile makala niliongeza sentensi yangu. Sikubishana na mtu, niliichomeka tu kwenye aya ya saba. Gazeti lilipotoka Jumapili haikuwamo. Nilipouliza niliambiwa nafasi haikutosha. Picha ya zabibu zilizoiva mwezi Aprili ilitosha, nusu ukurasa.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Mizabibu utakayoipita njiani imepogolewa kwa mkono, mmoja mmoja, na watu ambao wengi wao wametoka mbali, ukiwakuta, teremka kwenye baiskeli uwasalimie."

Nimeirudisha hapa. Hapa nafasi ipo.